Siri, Faragha na Amana: Istilahi za Ulinzi wa Taarifa za Wagonjwa katika Mifumo ya Kielektroniki, kwa Kurejelea Kata ya Zagayu, Mkoani Simiyu

1.0 Utangulizi

Lengo la makala haya ni kuchunguza istilahi ambazo Kiswahili cha Tanzania kinazitumia kueleza ulinzi wa taarifa za wagonjwa zinazohifadhiwa katika mifumo ya kielektroniki, na kupima iwapo istilahi hizo zinamfikishia mgonjwa maana iliyokusudiwa na sheria. Suala hili aghalabu hujadiliwa na wanasheria na wataalamu wa kompyuta. Hata hivyo, lina upande wa lugha usioweza kuachwa, kwa sababu ulinzi wenyewe umejengwa juu ya ridhaa, na ridhaa haipatikani pasipo maneno yanayoeleweka na pande zote mbili.

Mahali panaporejelewa ni Zagayu, kata iliyokuwa katika wilaya ya zamani ya Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, eneo hilo liliingia katika wilaya mpya ya Itilima. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na nafaka na wafugaji wa ng'ombe. Lugha ya nyumbani ni Kisukuma, na Kiswahili ni lugha ya shule, ofisi na zahanati. Zagayu imechaguliwa kwa kuwa inawakilisha kata nyingi za bara ambako mgonjwa hukutana na sheria akiwa amesimama mbali nayo mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya lugha, na mara ya pili kwa sababu ya maandishi.

Hoja kuu ni kwamba istilahi mbili zinazotegemewa zaidi, yaani siri na faragha, kila moja inaeleza sehemu tu ya jambo linalohusika, na kwamba dhana ya amana, ambayo ni kongwe katika Kiswahili na ina mfano wake katika maisha ya mfugaji wa Usukuma, inalibeba jambo hilo kwa ukamilifu zaidi.

2.0 Kutoka Daftari hadi Kompyuta

Kabla ya kuichambua lugha ni vema kuangalia kitu chenyewe kinachotajwa. Katika zahanati nyingi za Tanzania, kumbukumbu ya mgonjwa wa nje imekuwa kwa miaka mingi ni daftari la shule analolinunua mwenyewe. Tabibu huandika humo malalamiko ya mgonjwa, matokeo ya vipimo na dawa, kisha mgonjwa huondoka nalo. Mama mjamzito hubeba kadi yake ya kliniki, na mtoto hali kadhalika. Kituo hubaki na rejesta za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambazo ni vitabu vikubwa vyenye safu za majina, umri, kijiji na ugonjwa.

Utaratibu huu una kasoro zinazojulikana. Daftari hupotea, hulowa, au huachwa nyumbani siku linapohitajika. Rejesta huweza kulala wazi mezani, na anayeketi mbele yake akalisoma jina la aliyemtangulia. Pamoja na hayo, daftari lilimpa mgonjwa mamlaka ambayo hakuna sheria iliyoyataja. Aliweza kulificha, kulichana, kulichoma moto, au kwenda kituo kingine na daftari jipya lisilosema lolote juu ya yaliyopita. Wagonjwa wengine wamekuwa wakiyatumia mamlaka hayo kwa njia ya kuhuzunisha. Mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI huweza kuipita kliniki iliyo karibu na kwenda ya mbali, ili asionekane na jirani.

Mifumo ya kielektroniki imebadili mpangilio huo. Kwa vituo vilivyo chini ya mamlaka za serikali za mitaa, upo mfumo wa GoT-HoMIS uliotengenezwa chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI, ambao huhifadhi taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, kuanzia kuandikishwa hadi kulipa. Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kadi ya CTC1 hukaa kwa mgonjwa, ilhali taarifa zake za CTC2 hubaki kituoni na kuingizwa katika kompyuta. Mfumo wa DHIS2, ulioenezwa nchi nzima kufikia mwaka 2013, kwa kazi yake ya msingi hukusanya takwimu za jumla zilizotolewa majina. Tofauti hii kati ya takwimu isiyo na jina na kumbukumbu yenye jina ni ya msingi, na itarejewa hapa chini.

Faida za mabadiliko haya hazibishaniwi. Mgonjwa aliyehama huweza kuendelea na tiba bila kuanza upya, na dawa zinazogongana huonekana mapema. Hata hivyo, mabadiliko hayo yamehamisha umiliki wa kumbukumbu. Daftari lilikuwa la mgonjwa na tabibu aliazimwa kwa dakika chache. Kumbukumbu ya kielektroniki imo mikononi mwa taasisi, na mgonjwa ndiye anayepaswa kuiomba. Kilichokuwa kikilindwa na mkono wa mwenyewe sasa kinalindwa na sheria. Kwa hiyo lugha ya sheria imechukua nafasi iliyokuwa ya mkono huo.

3.0 Sheria na Lugha Yake

Msingi wa kikatiba upo katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, inayompa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Katika uwanja wa afya, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 iliwataka watoa huduma kutunza siri ya matokeo ya vipimo, pamoja na kutaja watu wachache wanaoweza kupewa matokeo hayo kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024.

Sheria hii ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kwa kawaida inadai ridhaa ya maandishi kabla ya taarifa hizo kuchakatwa, na inampa mhusika uwezo wa kuiondoa ridhaa hiyo. Yapo mazingira ambamo ridhaa hiyo haihitajiki, mojawapo likiwa ni tiba inayotolewa kwa manufaa ya mgonjwa chini ya usimamizi wa mtaalamu wa afya. Aidha, sheria inampa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na ya kutaka makosa yasahihishwe.

Jambo linalomhusu mwanaisimu ni kwamba mjadala huu umefika wakati Kiswahili kimekwisha kutambuliwa kuwa lugha ya sheria na mahakama, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya mwaka 2021. Istilahi zake si tafsiri za pembeni tena. Ndizo zinazobeba haki. Istilahi inapokosa uwazi, hasara haiwi ya mtindo wa lugha peke yake, bali humfikia mtu.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika nchi jirani ya Kenya. Mwezi Februari 2015 ilitolewa amri ya serikali ya kukusanya takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, pamoja na za walezi wao na za akina mama wajawazito. Kilicholeta ubishi hakikuwa idadi, kwani kila wizara ya afya inahitaji idadi, bali majina. Wanaharakati na watu walioathirika walifungua shauri, na mwezi Desemba 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba amri hiyo ilikiuka haki ya faragha. Tofauti kati ya takwimu na kumbukumbu yenye jina, ambayo neno taarifa huiziba, ndiyo iliyoamua shauri hilo.

4.0 Uchambuzi wa Istilahi

4.1 Siri

Neno siri, lenye asili ya Kiarabu, lina matumizi mapana katika Kiswahili, kama mifano ifuatayo inavyoonyesha:

(1) a. Usimwambie mtu, hii ni siri.
b. Barua hii ni ya siri.
c. Kura ni siri.
d. Ingiza neno la siri.

Katika matumizi yote hayo siri ina sifa tatu. Kwanza, ni jambo lililofichwa. Pili, lina watu wanaolijua na wasiolijua, na mpaka kati yao ni mkali. Tatu, linategemea ahadi ya mtu: siri hutunzwa au hutobolewa na fulani. Methali isemayo kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata inakusanya sifa hizo zote. Kata inaijua siri kwa kuwa yenyewe ndiyo inayoingia ndani ya mtungi.

Kwa muuguzi na mgonjwa waliokaa ana kwa ana, neno hili linatosha. Kwa kumbukumbu ya kielektroniki halitoshi, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba kumbukumbu hiyo haifichwi kwa watu wote. Imetengenezwa ili isomwe na wengi walioruhusiwa, kama vile daktari, mfamasia, mtunza fedha na ofisa wa bima. Mgonjwa aliyeahidiwa siri, kisha akasikia ugonjwa wake ukitajwa dirishani pa malipo, ataona kwamba amesalitiwa, hata kama hakuna kanuni iliyovunjwa. Sababu ya pili ni ya kimaadili. Siri huvuta dhana ya aibu. Kiswahili kina methali zinazomlaumu anayeficha: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Hekima ya methali hizi ni sahihi kwa upande wa tiba, kwani humsukuma mgonjwa kusema. Lakini mgonjwa anayeshauriwa asifiche, na papo hapo akaelezwa kwamba haki yake ni siri, hupewa maagizo mawili yanayopingana. Kinachokosekana ni neno la kumwambia kwamba anaweza kusema yote bila ya kuyapoteza aliyoyasema.

4.2 Faragha

Faragha, nalo lenye asili ya Kiarabu, limetokana na dhana ya utupu na nafasi. Kamusi za awali, ikiwamo ya Johnson ya mwaka 1939, zinalieleza kwa maana za kujitenga, upweke na wasaa. Ushahidi wa kisarufi unakubaliana na maelezo hayo:

(2) a. Walizungumza faraghani.
b. Alimwita faragha.
c. Sheria inalinda faragha ya raia.

Katika (2a) neno limepokea kiambishi cha mahali -ni, na katika (2b) linafanya kazi ya kielezi. Katika matumizi haya ya asili faragha ni mahali au hali ya kuwa pembeni. Matumizi ya (2c), ambamo faragha ni mali ya mtu inayoweza kulindwa au kuvunjwa, ni upanuzi wa maana uliotokana na lugha ya haki za binadamu. Upanuzi huo ni halali, na umekwisha kukubalika katika magazeti na mahakama. Tatizo lake ni kwamba msikilizaji wa kijijini bado hulielewa neno kwa maana yake ya mahali. Akiambiwa kwamba zahanati inaheshimu faragha yake, atatazama iwapo chumba kina mlango na pazia. Ni haki yake kutazama hivyo, lakini taarifa zilizokwisha kuingia katika kompyuta hazilindwi na pazia.

4.3 Taarifa Binafsi na Mhusika

Kivumishi binafsi kina maana mbili zinazoishi pamoja. Katika maisha binafsi kina maana ya yale yamhusuyo mtu mwenyewe. Katika hospitali binafsi kina maana ya kitu kisicho cha serikali. Msikilizaji asiyezoea lugha ya sheria anaweza kudhani kwamba ulinzi wa taarifa binafsi unahusu hospitali za watu na mashirika, wala si zahanati ya serikali ya kijijini kwake. Kenya imeelekea kutumia umbo kibinafsi pamoja na neno data, hivyo istilahi za nchi mbili jirani zinaanza kuachana, jambo linalostahili kuangaliwa na vyombo vya usanifishaji.

Neno mhusika linahitaji uangalifu zaidi. Kimofolojia limejengwa na kiambishi cha ngeli m-, mzizi -hus- na kiambishi -ik- cha hali. Mhusika ni yule aguswaye na jambo. Mhusika hatendi, bali jambo humfikia. Aidha, katika Kiswahili cha ofisi, wahusika ni wenye madaraka, kama katika sentensi "wahusika wamearifiwa na hatua zitachukuliwa". Hivyo, maneno "mhusika ana haki ya kupata nakala" yanaweza kueleweka kuwa yanampa haki mkubwa wa kituo badala ya mgonjwa. Ukimlinganisha na majina ya watendaji wengine katika sheria, yaani mkusanyaji na mchakataji, utaona kwamba hao wawili wamepewa majina ya vitenzi vya kutenda, ilhali mwenye mwili na maradhi amepewa jina la kutendwa. Hata kuchakata, kitenzi kilichozoeleka katika uzalishaji wa katani, hudokeza kitu kinachopita mashineni na kutoka katika umbo jingine.

4.4 Ridhaa

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana: ruhusa, idhini, kibali, kukubali na ridhaa. Ruhusa huombwa na mdogo kwa mkubwa. Idhini na kibali hutolewa na mwenye mamlaka, mara nyingi kwa maandishi. Ridhaa ina tofauti moja kubwa: chanzo chake ni moyo kuwa radhi. Kwa hiyo sheria imechagua neno zuri. Ugumu hutokea linapotamkwa zahanatini, kwa kuwa swali linaloulizwa kwa kweli huwa ni "unakubali?", na mgonjwa aliyetembea saa mbili akiwa na homa hawezi kulijibu kwa kukataa. Kukubali kwa namna hiyo ni kutokatalia tu, na kuna umbali kati yake na kuwa radhi.

Sharti la maandishi huongeza ugumu huo. Mtu asiyesoma huweka dole gumba kwenye fomu aliyosomewa katika lugha yake ya pili, na pengine aliyefasiri ni ndugu aliyemsindikiza. Katika familia ya Kisukuma, kama ilivyo katika jamii nyingi za Tanzania, ugonjwa ni jambo la kaya nzima. Ndugu ndio wanaoamua iwapo mgonjwa aende zahanati au kwa mganga wa jadi, na ndio wanaomsindikiza. Uwepo wao ni msaada mkubwa. Lakini ndugu anapokuwa mkalimani, mgonjwa hujikuta anatoa ridhaa mbele ya mtu yuleyule ambaye pengine hakutaka ajue. Hapa sheria imemwazia mgonjwa aliye peke yake, ilhali mgonjwa mwenyewe amekuja na jamaa zake.

5.0 Dhana ya Amana

Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili kitunzwe kwa niaba ya mwenyewe. Neno hili linajulikana pwani na bara. Benki nalo hulitumia kwa fedha za wateja. Maana yake inabeba mambo manne ambayo siri na faragha haziyabebi pamoja. Kwanza, amana ina mwenyewe, naye habadiliki hata kitu kikikaa miaka mingi kwingine. Pili, mtunzaji ana wajibu unaojulikana, na akiuvunja kitendo chake kina jina, nalo ni hiana. Tatu, mwenyewe anaweza kuja kuiangalia. Nne, si lazima amana ifichwe. Kinachokatazwa ni kuitumia kinyume cha makubaliano. Jambo la nne ndilo linaloondoa aibu iliyomo katika siri.

Inaweza kupingwa kwamba mweka amana huchagua mtunzaji, na kwamba mtunzaji haruhusiwi kuitumia kabisa, wakati zahanati lazima izitumie taarifa. Pingamizi hili lina nguvu, lakini desturi ya ufugaji inalijibu kwa sehemu kubwa. Miongoni mwa Wasukuma, kama kwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, mwenye mifugo huweza kuweka baadhi ya ng'ombe wake kwa rafiki au ndugu. Mtunzaji hukamua maziwa na kutumia samadi. Hiyo ndiyo faida yake halali. Hawezi kuuza, kuchinja wala kumpa mtu mwingine bila ya kumwarifu mwenyewe. Ng'ombe akifa, mwenyewe huarifiwa.

Mfano huu unalingana na misingi ya sheria kwa namna ya kushangaza. Maziwa ni matumizi yaliyokubaliwa, yaani tiba, malipo na takwimu zisizo na majina. Kuuza au kuhamisha ni matumizi mapya yanayodai ridhaa mpya. Taarifa ya kifo ni wajibu wa kumwarifu mtu pindi kumbukumbu zake zinapovuja au kupotea. Mzee wa Zagayu asiyejua kusoma, lakini aliyewahi kuweka ng'ombe kwa mtu, ana ujuzi wa kutosha wa kuuliza maswali yote muhimu juu ya kumbukumbu zake: ziko kwa nani, anazitumia kwa kazi gani, na nani mwingine amepewa.

Mfano una mpaka wake. Ng'ombe mmoja hawezi kukaa katika mazizi mawili, ilhali taarifa hunakiliwa bila kupungua, na mwenyewe hawezi kuhesabu nakala zake kwa macho. Amana ya kawaida hurudishwa ikaisha. Taarifa iliyorudishwa huweza kubaki ilikotoka. Ni hapa hasa sheria inapohitajika, kwani inapaswa kumfanyia mgonjwa ile hesabu asiyoweza kuifanya mwenyewe.

6.0 Mapendekezo

Haipendekezwi kuondoa istilahi zilizomo sheriani, kwani zimekwisha kutumika katika kanuni na mafunzo. Inapendekezwa kwanza kwamba, katika maelezo kwa umma, mhusika aelezwe kuwa ni mwenye taarifa. Pili, neno siri libakie kwa mazungumzo ya ana kwa ana, na lisitumike kuahidi jambo ambalo mfumo hauwezi kulitimiza. Tatu, maelezo ya ridhaa yaandaliwe kwa ajili ya kusikilizwa kabla ya kusomwa, kwa Kiswahili chepesi na kwa lugha za nyumbani, na mkalimani awe mtumishi mwenye kiapo badala ya ndugu. Maelezo hayo yanaweza kuwa mafupi kama haya, yakisemwa na muuguzi:

(3) a. Mama, taarifa hizi ni zako, sisi tunakutunzia.
b. Watazisoma wanaokutibu, na wa bima kwa ajili ya malipo tu.
c. Ukitaka kujua tulichoandika, uliza, tutakusomea.
d. Tukiwa tumekosea, tuambie, tutasahihisha.
e. Mtu mwingine akizitaka, tutakuuliza kwanza. Na ukikataa, bado utatibiwa.

Sentensi hizi hazina istilahi hata moja ya kisheria, lakini zinagusa umiliki, mipaka ya matumizi, haki ya kujua, haki ya kusahihisha na uhuru wa kukataa. Ni dhahiri kwamba (3e) haifai kusemwa mahali ambapo kituo hakiko tayari kuitimiza. Kwa maana hiyo maelezo yaliyo wazi humbana pia anayeyatamka.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba siri hulinda ahadi ya mtu mmoja, faragha hulinda nafasi, na kwamba kumbukumbu ya kielektroniki inadai kulindwa kwa uhusiano kati ya mwenyewe na mtunzaji. Uhusiano huo Kiswahili kinaujua kwa jina la amana. Utafiti zaidi unahitajika katika lugha za nyumbani, hasa Kisukuma, ili kubaini maneno ambayo wazungumzaji huyatumia wao kwa wao wanapozungumzia kuweka na kutunza mali ya mwingine. Kazi hiyo haifai kusubiri, kwa kuwa mgonjwa aliyekuwa akiondoka na daftari lake mkononi sasa ataondoka mikono mitupu, na kitakachomwambia kwamba bado ana kitu chake pale alipotoka ni maneno aliyoambiwa.